Kumsahihisha mkubwa, mwenzako na mdogo jeshini bila kuvunja heshima ya cheo

Swali: Nimepandishwa cheo kuwa sajenti na nimepewa usajenti wa platuni. Kamanda wangu ni luteni mgeni, ana bidii, lakini hukosea mbele ya askari. Masajenti wenzangu nao wana mambo yanayohitaji kurekebishwa, na chini yangu yupo koplo aliyenizidi umri na miaka ya utumishi. Nikinyamaza makosa yanaendelea. Nikisema, naonekana nimevuka mipaka. Niwasahihisheje bila kuharibu nidhamu? Na mkubwa akikasirika, nifanye nini?

Jibu: Sajenti, tenganisha kwanza mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Cheo cha unayemsahihisha ndicho kinachoamua njia: useme wapi, kwa maneno gani na mbele ya nani. Muda wa kusema hauamuliwi na cheo. Unaamuliwa na hatari. Kosa linaloweza kuua ndani ya sekunde tatu linasahihishwa ndani ya sekunde tatu, awe amelifanya kuruta au kanali. Kosa lisilo na hatari linaweza kungoja hadi mkae faragha, hata kama linakukera. Karibu kila ugomvi wa namna hii ninaoujua ulitokana na mtu kuyageuza haya mawili: alisita penye hatari kwa kuogopa cheo, au alikimbilia kusahihisha kola ya shati mbele ya gwaride zima.

Tuanze na la hatari, maana halina mjadala. Katika majeshi mengi, yeyote aliye kwenye uwanja wa shabaha anaruhusiwa, tena anatakiwa, kupaza sauti ya kusitisha ufyatuaji anapoona hatari. Hapo maneno ni machache na yanafuatana hivi: unayemwita, kitu chenye hatari, kitendo unachokitaka. "Afande, mtutu, chini!" Basi. Ukianza na "Samahani afande, naona kama vile bunduki yako…", mtutu utakuwa umeshapita kwenye vifua vya watu wawili kabla hujafika kwenye kitenzi. Baada ya sauti hiyo, kila mtu anatoa kidole kwenye kifyatulio, mtutu unaelekea kwenye shabaha, usalama wa silaha unafungwa, na afisa usalama wa uwanja anashika usukani. Wewe unampa taarifa ya sentensi moja na kunyamaza. Maelezo marefu yanangoja. Mkiwa faragha, piga saluti umweleze uliyempigia kelele: "Afande, nilipaza sauti kwa sababu mtutu ulipita kwa askari wawili wa kushoto." Usiombe radhi kwa kupaza sauti. Ukiomba, siku nyingine utasita, naye ataona ulistahili kusita.

Sasa luteni wako. Yeye ana mamlaka ya kuamuru na wewe una uzoefu. Kumshauri ni sehemu ya kazi ya sajenti wa platuni, wala si hisani unayomfanyia. Lakini askari wanatakiwa kusikia sauti moja, kwa hiyo sehemu kubwa ya usahihishaji wako ifanyike kabla hajasimama mbele yao. Omba dakika 15 naye kabla ya kila kikao cha kutoa amri. Mpitishe kwenye mambo ambayo afisa mgeni huyasahau: njia ya kurudi endapo ile ya kwenda imefungwa, kinachofanyika askari akipotea, majeruhi anabebwa na nani hadi wapi, masafa ya akiba ya redio, neno la siri na saa linapobadilika, idadi ya risasi na lita za maji kwa kila mtu. Yaulize kama mtu anayehitaji jibu ili afanye kazi yake, maana kweli unalihitaji. Makosa mengi yatakwishia hapo mezani na hakuna askari atakayejua kwamba yaliwahi kuwapo.

Lakini yapo yatakayopenya. Tuseme yuko katikati ya kutoa amri za doria na anasoma nambari ya gridi ya ramani ya mahali pa kukutania: 427815. Kwenye ramani, mahali penyewe ni 472815. Tarakimu mbili zimepishana. Kosa la aina hii ni baya kuliko kosa kubwa, kwa sababu nambari bado inaangukia ndani ya ramani ileile na inaonekana ya kawaida. Tarakimu tatu za mwanzo hupima kuelekea mashariki na tatu za mwisho kuelekea kaskazini, na kila nambari ya tarakimu sita huonyesha mraba wa mita 100. Kwa hiyo 472 ikisomwa 427, seksheni (kikundi kidogo ndani ya platuni) inayokuja kwa njia nyingine itaketi kilomita 4.5 magharibi mwa wenzao, usiku, ikiwasubiri.

Usimkatize. Ngoja aulize kama kuna maswali, kisha sema: "Afande, nathibitisha mahali pa kukutania: nne-saba-mbili, nane-moja-tano, pale njia ya miguu inapovuka mto?" Umetaja nambari sahihi, na umeifunga kwenye alama ya ardhini anayoweza kuiona kwa jicho. Atatazama ramani na kusema mwenyewe, "Ndiyo, nne-saba-mbili, rekebisheni." Amejisahihisha kwa kinywa chake, na kila kamanda wa seksheni ameandika nambari iliyo sawa. Mwombe kila mmoja aisome kwa sauti, kwa sababu aliyeandika ya kwanza huenda hakusikia ya pili. Kama luteni hakushtuka na akajibu "kama nilivyosema", sema, "Afande, naomba dakika moja kabla hawajatawanyika." Sogeeni hatua kumi. Simama ubavuni mwake, nyote mkiitazama ramani, wala si uso kwa uso. Askari wanasoma miili yetu kwa mbali, na watu wawili walioinamia ramani wanaonekana wanafanya kazi.

Ukifika hapo faragha, ushauri kwa mkubwa una sehemu tatu kwa mpangilio huu: hali ilivyo, matokeo yake, pendekezo lako. Chukua suala la muda, linalowasumbua sana maofisa wapya. Kanuni ya kawaida ni kwamba kamanda hutumia theluthi moja ya muda uliopo kupanga na kutoa amri, na theluthi mbili huwaachia walio chini yake wajiandae. Luteni anapenda mpango wake uwe safi kabisa na anapitiliza. Mwambie hivi, kwa saa za jeshi (1900 ni saa moja usiku, 2220 ni saa nne na dakika 20 usiku, 0500 ni saa kumi na moja alfajiri): "Afande, sasa ni 1900 na tunaondoka 0500. Theluthi yetu inaisha 2220. Tukitoa amri usiku wa manane, seksheni hazitapata muda wa kufanya mazoezi gizani wala wa kulala. Napendekeza nitoe amri ya awali sasa hivi waanze kuandaa silaha na maji, wewe umalizie mpango." Kisha funga mdomo. Hapa ndipo watu huharibu: kimya cha sekunde tano kinawatisha, wanaanza kurudia, kupunguza makali, kuongeza mifano, na mwishoni kamanda hajui ulichopendekeza ni kipi. Mwache afikiri.

Akikataa, una nafasi moja zaidi, nayo iwe na taarifa mpya: hali ya hewa, ripoti ya doria iliyotangulia, kipimo ambacho hakuwa nacho. Kama huna jipya, unachofanya ni ubishi, na ubishi na kamanda wakati saa inakwenda una gharama yake. Ukishapewa uamuzi, utekeleze kama wako. Sentensi ya kuwaambia askari "hii ni amri ya luteni, mimi sikubaliani" hukuletea kupendwa kwa jioni moja na kuivunja platuni kwa miezi. Kinachobaki nje ya sheria hii ni mambo mawili tu, uhai unaopotea bure, ambao nimeuanza nao, na uvunjaji wa sheria, ambao nitaufikia.

Inafaa kuitazama ajali ya meli ya kivita Victoria ya Uingereza, tarehe 22 Juni 1893, karibu na Tripoli katika pwani ya Lebanon ya leo, kwa sababu karibu kila kosa la kumsahihisha mkubwa limo ndani yake. Admirali George Tryon, kamanda mwenye sifa kubwa na mkali, aliamuru safu mbili za meli zigeuke kwa kuelekeana, zikiwa zimeachana yadi 1,200, yaani takribani mita 1,100. Meli yake ilihitaji duara la kama yadi 800 kugeuka, na safu ya pili ilihitaji nafasi yake pia. Hesabu ilikataa. Afisa mmoja alipendekeza yadi 1,600 na Tryon akakubali, kisha ishara ikapandishwa mlingotini ikiwa ni ileile 1,200. Alipoulizwa tena, alisema ibaki hivyo. Maofisa waligusia umbali, wakajibiwa kwa mkato, wakaacha. Admirali Albert Markham, aliyeongoza safu ya pili katika meli Camperdown, alisita kuitikia ishara. Tryon akamuuliza kwa ishara, machoni pa kundi zima la meli, anangoja nini. Markham akajiambia kwamba mkubwa lazima ana mpango ambao yeye hauoni, akatii. Camperdown iliitoboa Victoria. Watu 358 walikufa, Tryon akiwa mmoja wao.

Angalia palipokatika. Kipimo kilitajwa, lakini hakuna aliyesimama akataka amri isitekelezwe mpaka hesabu ikubali. Walimpa mkubwa hali ilivyo na wakamwachia aone matokeo mwenyewe, naye hakuyaona. Kisha karipio la hadharani likamfunga mdomo mtu wa mwisho aliyekuwa na nafasi ya kuzuia. Hata meli zilipokaribiana, nahodha wa Victoria aliomba ruhusa zaidi ya mara moja kabla ya kukubaliwa kurudisha injini nyuma. Alikuwa akitumia lugha ya faragha katika sekunde za hatari. Mkubwa mwenye sifa ndiye anayehitaji sentensi kamili kuliko wote, kwa sababu kila mtu anadhani ameshaona.

Iko njia nyingine ya kumsahihisha mtu aliyekuzidi vyeo vingi, na mfano wake safi ni lindo la getini. Kanali anafika bila kitambulisho na anataka kupita. Askari wa lindo hamzuii kwa jina lake mwenyewe. Anapiga saluti kwanza, anasimama wima, anasema: "Afande, kwa amri ya kamanda wa gadi, hakuna anayepita bila kitambulisho. Namwita sasa hivi." Heshima, amri, mwenye amri, ufumbuzi. Haombi radhi wala hajitetei. Muundo huo unatumika popote wadhifa unapotangulia cheo: tabibu wa kikosi anayemzuia meja asiendelee na matembezi ya mzigo kwa sababu ya joto, fundi anayekataa gari lisitoke kwa sababu breki zimelegea, afisa usalama wa uwanja mwenye cheo cha chini kuliko wapiga shabaha wake. Kanuni na wadhifa ndivyo vinavyomsahihisha mkubwa, wewe ni sauti yao. Kwa hiyo ijue kanuni kwa ibara yake kabla hujafungua mdomo. Hakuna kinachomaliza heshima yako haraka kama kumnukulia kanali kanuni ambayo haipo. Na mkifanya kazi pamoja na wanamaji, jifunze alama zao za vyeo mapema: katika majeshi mengi kapteni wa jeshi la majini ni sawa na kanali wa nchi kavu, na kumsemesha kama kapteni wa kombania ni kosa utakalosahihishwa wewe.

Mambo madogo ya mavazi na saluti kwa maofisa yaache yapite kwa sajenti meja wa kombania, isipokuwa ni kamanda wako na gwaride liko mbele. Hapo mnong'oneze tu, "Afande, kifungo cha mfuko wa kushoto", mkiwa bado mnatembea.

Kwa masajenti wenzako ugumu ni tofauti, maana hakuna cheo cha kukulinda wala cha kumlinda yeye. Mfuate peke yake, mbali na askari wake, na umpe kitu chenye muda: "Bunduki mbili za seksheni yako zina kutu kwenye mtutu. Sajenti meja anakagua saa nane. Nimekuachia mafuta na vitambaa stoo." Umempa nafasi ya kurekebisha kabla mkubwa hajaona, na hiyo ndiyo heshima wanayoipa uzito masajenti. Usiripoti juu kabla hujamwambia yeye, ila kama kuna hatari, wizi au unyanyasaji wa askari. Wala usimrukie ukawasahihisha askari wake. Ukiona askari wake anafanya jambo la hatari, zuia kitendo papo hapo, kisha umfuate sajenti wake siku hiyohiyo umwambie ulichofanya, asikisikie kwa mtu mwingine. Kundi la WhatsApp la kikosi ni uwanja wa gwaride. Sahihisho lililoandikwa humo limesomwa na wote, linapigwa picha ya skrini, na linaishi kuliko kosa lenyewe.

Sasa walio chini yako. Hapa wengi hudhani hakuna haja ya busara kwa kuwa amri inatosha. Amri inatosha kumfanya mtu atende leo. Ili atende vema wakati haupo, unahitaji kujua kwanza kama hajui, hawezi au hataki, maana kila moja lina dawa yake. Asiyejua anaonyeshwa. Asiyeweza anapewa mazoezi au vifaa. Asiyetaka ndiye anayekabiliwa na taratibu za nidhamu. Kumwadhibu asiyejua kunamfundisha kuficha.

Taja kitendo, usimtaje mtu. "Mkanda wa bunduki umeupitisha chini ya begi, hutaweza kuinua silaha haraka. Hivi ndivyo unavyopita. Fanya." Arudie mbele yako mara mbili, umwambie sawa, na jambo limekwisha. Usilirudie jioni mbele ya wenzake. Mazoezi ya kurekebisha yafanane na kosa: silaha chafu inasafishwa chini ya uangalizi mpaka iwe safi, aliyechelewa anaripoti dakika 30 mapema kwa siku tatu. Kurusharusha watu kichura kwenye jua kwa sababu ya bunduki chafu hakusafishi bunduki, na mazoezi ya adhabu yaliyopita kiasi huvunja misuli kiasi cha kuharibu figo, na huua kwa joto. Zaidi ya hayo, adhabu rasmi ina mwenye mamlaka nayo kisheria, ambaye kwa kawaida ni kamanda anayesikiliza shauri. Sajenti hana. Askari usimguse, isipokuwa unazuia hatari, au unamrekebisha mkao kwenye mafunzo na umemwambia kabla.

Koplo wako aliyekuzidi umri ni suala la peke yake, na wengi huliharibu siku ya kwanza kwa kutaka kuonyesha nani ni nani. Anajua kazi. Mara nyingi anachofanya vibaya ni njia ya mkato iliyomfaa miaka mingi: haandiki nambari za silaha zinazotoka stoo kwa kuwa anazijua kwa kichwa. Kaa naye kabla ya siku kuanza, faragha, umweleze kwa adabu anayostahili mtu mzima, lakini jambo lenyewe usilipunguze: "Koplo, najua unazikumbuka zote. Ukiugua kesho, hakuna anayeweza kuthibitisha silaha ipi iko kwa nani. Kuanzia leo kila inayotoka inaandikwa na kusainiwa. Naomba wewe uwafundishe vijana wanaokusaidia pale." Umempa kazi inayotumia ujuzi wake, na mtu anayefundisha utaratibu hupata taabu kuuvunja. Akiendelea, mwonye mara ya pili ukitaja tarehe ya mara ya kwanza. Kwa hiyo andika. Daftari dogo lenye tarehe, saa, kitendo, ulichosema na kilichofuata linatosha. Litakulinda wewe, na litamlinda yeye pia dhidi ya kumbukumbu yako siku umekasirika.

Nilisema yapo mambo mawili yasiyotii mpangilio wa kushauri kisha kutekeleza. La amri haramu ni zito kuliko yote. Tangu Mkataba wa Mahakama ya Nuremberg wa 1945, mahakama iliyowahukumu viongozi wa Wanazi, ibara ya 8, kutekeleza amri ya mkubwa hakumwondolei mtu wajibu wake, ingawa kunaweza kupunguza adhabu. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika ibara ya 33, unasema amri ya kutenda mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu ni haramu kwa dhahiri. Tarehe 16 Machi 1968, kijijini My Lai nchini Vietnam, rubani wa helikopta Hugh Thompson, afisa mteule wa jeshi la Marekani, alitua kati ya wanajeshi wenzake na raia waliokuwa wakiwindwa na wanajeshi hao, akabishana na luteni aliyemzidi cheo, akaita helikopta nyingine ziwaondoe raia, na akaripoti kwa wakubwa wake. Kutambuliwa rasmi kwa nishani kwa kitendo hicho kulikuja 1998.

Ukiwahi kupewa amri unayoiona haramu, mwombe aliyeitoa airudie kwa maneno wazi, maana amri nyingi za aina hii hutolewa kwa mafumbo, na mara nyingine zikitamkwa wazi hufutwa hapohapo. Kisha sema bila kupaza sauti: "Afande, hilo siwezi kulitekeleza, ni kinyume cha sheria. Naweza kufanya hivi badala yake." Mwite shahidi, andika saa, na peleka taarifa ngazi inayofuata au kwa mwanasheria wa jeshi siku hiyohiyo. Lakini usilitumie neno haramu kwa amri usiyoipenda tu. Zamu ya usiku isiyo ya haki si amri haramu, ina njia yake ya malalamiko.

Mwisho wa swali lako: akikasirika. Mara nyingi atakasirika, hata umsahihishe vizuri, kwa sababu kukosea mbele ya walio chini kunauma. Usijibu hasira hiyo. Sema "Ndiyo afande", tekeleza kilichoamuliwa, na usirudi kwenye suala hilo siku ileile. Kesho yake asubuhi mpe taarifa ya kazi kama kawaida, kwa sauti ileile. Kama anakulipizia kisasi kwa zamu au kwa ripoti ya mwaka, peleka daftari lako kwa sajenti meja wa kombania kabla ya kwenda kwa kamanda wa kombania. Na wewe mwenyewe koplo akikuambia umekosea nambari ya gridi, mjibu "Sawa, asante", rekebisha, endelea. Luteni atakuwa amesimama hapo akiangalia.